Ufa juu ya eabegi: uchambuzi wa kisa cha dashibodi iliyovalishwa ngozi

Kisa hiki kilipita gerejini kwetu Dar es Salaam. Mwenye gari ameridhia kiandikwe. Jina lake, shule anayofundisha, namba za gari na aina yake kamili vimeondolewa, na mafundi waliolishika gari kabla yetu hawatajwi. Kazi ya kuficha nyufa za dashibodi inafanyika kila siku mjini hapa, na wengi wanaofanyiwa hawaambiwi ni nini kimekaa chini ya ile ngozi mpya inayong'aa. Mimi ni fundi umeme wa magari, kwa hiyo nimekitazama zaidi kwa upande huo.

Usuli

Gari ni dogo, la Kijapani, la mwaka 2006, usukani kulia. Liliingia nchini likiwa limeshatumika, likapita kwa mmiliki mmoja, kisha likanunuliwa na mwalimu wa sekondari. Injini ilikuwa salama na bodi haina kutu ya kutisha. Kilichomkera mwalimu ni dashibodi.

Uwanja wa shule yake hauna mti. Gari linaegeshwa asubuhi, kioo cha mbele kikiwa kimeelekea jua, na linabaki hapo mpaka jioni. Kuna utafiti uliofanyika Tempe, Arizona, ukachapishwa 2018, uliopima joto ndani ya magari yaliyoegeshwa juani siku za kiangazi: baada ya saa moja tu, dashibodi zilifika wastani wa nyuzi 69 za Selsiasi. Usukani ulikuwa kwenye 53, siti kwenye 51. Yaani ndani ya gari zima, kinachoungua kuliko vyote ni dashibodi, na hilo ni saa moja. La mwalimu lilikaa siku nzima, miaka nenda rudi.

Dashibodi ya aina hii ina tabaka tatu. Chini kuna plastiki ngumu, juu yake sponji, na juu kabisa ngozi laini ya plastiki ambayo ndiyo tunayoishika. Ulaini wa ile ngozi unatokana na viungo vya kulainisha vilivyochanganywa kiwandani. Joto linavitoa kidogo kidogo. Ule utando wa mafuta unaojitokeza upande wa ndani wa kioo cha mbele, unaoupangusa leo na wiki ijayo umerudi, kwa sehemu kubwa ni hivyo viungo vikihama. Navyo vikiisha, ngozi hukauka, husinyaa na kukakamaa, na miale ya jua huku inaishambulia kwa juu. Sponji nayo inachoka. Siku moja ngozi iliyosinyaa inapasuka pale ilipo nyembamba au iliponyooka sana.

Gari la mwalimu lilikuwa na nyufa mbili. Mmoja ulikuwa mfupi, kando ya matundu yanayopuliza hewa kwenye kioo. Wa pili ulikuwa mrefu: ulianzia katikati, ukaenda upande wa abiria na kupita juu ya herufi SRS zilizochongwa kwenye ngozi, alama kwamba chini yake kuna eabegi, ule mfuko wa hewa unaolipuka kumkinga abiria gari likigonga. Kingo zake zilikuwa zimekunjamana kwenda juu na sponji ya njano ilionekana.

Mambo yalivyokwenda

Mwalimu alikwenda kwa fundi wa siti, anayeshona vizuri na ana wateja wengi. Walikubaliana dashibodi ivuliwe, nyufa zizibwe, kisha yote ivalishwe ngozi bandia nyeusi yenye uzi mwekundu. Kazi ilikamilika na gari likapendeza. Nimeona picha alizopiga siku aliyolichukua, na mshono ulinyooka kwelikweli.

Msimu wa joto ulipoingia, gundi ilianza kulegea na ngozi ikajivuta kuelekea kioo cha mbele. Pale palipozibwa pakatokea mstari ulioinuka, kwa sababu nyufa zilikuwa zimejazwa bodi fila, ile ile ya kunyooshea mabati. Fila hiyo ikikauka inakuwa ngumu kama jiwe. Plastiki na sponji vinatanuka mchana na kujikunja usiku. Fila haitanuki nao, kwa hiyo inaachia pembeni. Mwalimu alirudi kwa fundi wa siti, akabandikiwa upya. Ikaachia tena.

Hakuja kwetu kwa ajili ya hilo. Alikuja kwa sababu taa za ndani zilikuwa zinapepesa. Kijana wetu alipowasha swichi ili atazame mita, aliona kitu ambacho mwenye gari hakukitambua: taa ya eabegi haikuwaka kabisa.

Wasomaji wengi wanajua kuwa taa hiyo ikiwaka muda wote kuna hitilafu. Wachache wanajua upande wa pili. Ukifungua swichi kabla ya kuwasha injini, taa ya eabegi inapaswa kuwaka sekunde chache kisha izime yenyewe. Hapo kompyuta inajipima na kukuambia imejipima. Isipowaka kabisa, usishangilie. Ama taa imekufa, ama kuna mtu kaizima.

Tulipofungua mita tukakuta kipande cha utepe mweusi kimebandikwa juu ya alama ya eabegi. Tulipokitoa, taa ikawaka na haikuzima. Mashine ya kupimia ikasoma kwamba njia ya umeme ya eabegi ya abiria imekatika. Tulipochungulia chini ya dashibodi, ile soketi ya njano inayounganisha waya wa eabegi ilikuwa imesukumwa mahali pake lakini lachi yake haijafunga.

Jinsi ilivyotokea inaelekea ni rahisi tu kueleza. Dashibodi ilipovuliwa, soketi ilichomolewa. Wakati wa kurudisha haikufika mwisho, kompyuta ikaandika kosa, taa ikawaka. Mtu asiye na mashine ya kufuta kosa, akiwa na mteja anayesubiri nje, akaona utepe unatosha. Nani alibandika hatuna ushahidi, na mwalimu hakutaka ugomvi.

Kulikuwa na jambo kubwa zaidi ya soketi. Nilimwomba mwalimu aje aone mwenyewe.

“Mwalimu, mwanao hukaa wapi mkienda shule?”

“Hapo mbele. Yuko darasa la sita sasa, nyuma hataki kusikia.”

Kwenye gari hili mfuniko wa eabegi ya abiria hauonekani. Hakuna kimlango chenye mstari wazi. Ngozi ya juu ni moja tangu kushoto hadi kulia, ila kwa chini imechanjwa kiwandani, yaani imekatwa mstari usiotokeza juu, ili ikatike hapo hapo mfuko unapolipuka. Mfuko wa abiria hujaa ndani ya takriban milisekunde 50, yaani moja ya ishirini ya sekunde. Kila kitu kimepimwa kwa kuhesabia kwamba ngozi itachanika kwenye ile chanjo bila upinzani. Sasa juu ya chanjo kulikuwa na ngozi bandia iliyogundishwa, na ndani ya chanjo yenyewe, pale ufa ulipopita, kulikuwa na bodi fila iliyokakamaa. Zile herufi SRS nazo zilikuwa zimefunikwa, kwa hiyo hata abiria asingejua kuna kitu pale.

Gari likigongwa likiwa hivyo, hakuna anayeweza kusema kwa hakika kitakachotokea. Mfuko unaweza kuchelewa, unaweza kutokea kwa pembeni, na fila iliyoganda inaweza kurushwa vipande vipande kuelekea uso wa aliyekaa pale. Na kama soketi ingebaki ilivyokuwa, huenda usingelipuka kabisa.

Maamuzi na sababu zake

La kwanza lilikuwa la siku ile ile: kiti cha mbele cha abiria kisikaliwe mpaka kazi iishe, na mtoto ahamie nyuma moja kwa moja. Huko Marekani mamlaka za usalama barabarani hushauri watoto wa miaka 12 kushuka chini wakae nyuma hata kama eabegi ni nzima, maana mfuko umetengenezwa kwa mwili wa mtu mzima. Mwalimu alilikubali hilo bila kubishana.

Kisha tukajadili dashibodi yenyewe, na hapa palichukua muda kwa sababu pesa ilikuwa imeshatoka mara moja.

Wazo la kwanza lilikuwa kuvua ngozi bandia, kuchokonoa fila na kuziba upya kwa fila laini inayonyumbulika. Kwa ule ufa mfupi wa kando ya kioo, hiyo ingekuwa kazi halali kabisa: unakata kingo zilizokunjamana, unajaza, unasugua kwa msasa, unarudisha vipele vya ngozi kwa dawa ya kupuliza, unapaka rangi. Ukifanywa vizuri hautauona ukiwa umekaa. Ila ule mrefu ulikuwa juu ya chanjo. Hakuna fila, iwe ngumu au laini, inayorudisha chanjo ya kiwandani. Ukiijaza umeifunga, ukiiacha wazi umeacha ufa.

Wazo la pili lilikuwa kifuniko cha plastiki kilichoumbwa kwa umbo la dashibodi, kinachobandikwa juu kwa silikoni. Kwa magari ambayo eabegi ina kimlango chake, vifuniko hivyo huachiwa nafasi iliyokatwa kuzunguka kimlango, na mimi sina neno navyo. Hapa kimlango hakipo. Tungekuwa tumerudia kosa lile lile kwa plastiki ngumu zaidi.

Mwalimu mwenyewe aliuliza kama tunaweza kutoa eabegi ya abiria kabisa na kuvalisha ngozi kwa amani. Lilikuwa swali la haki. Jibu letu lilikuwa kwamba tungemwondolea mtu mzima kinga aliyopewa na kiwanda kwa ajili ya urembo, na mnunuzi wa baadaye asingejua. Tulikataa kuifanya hiyo.

Ikabaki kubadilisha dashibodi nzima kwa iliyotumika. Mpya kutoka kiwandani kwa gari la umri huo, hata ukiipata, bei yake haiendani na thamani ya gari. Tukaenda mtaa wa Gerezani kwa wauza vipuri, kisha kwa wauza skrepa wa Ilala.

Dashibodi ya kwanza tuliyooneshwa ilikuwa safi mno kwa juu. Tukaigeuza. Upande wa chini, kuzunguka mahali pa eabegi, kulikuwa na nyuzinyuzi za kitambaa na gundi ngumu. Ilitoka kwenye gari lililopata ajali, mfuko ukalipuka, mtu akaishona kwa ndani na kupaka rangi kwa nje. Sokoni zipo nyingi za namna hiyo, na wanaoziuza wengine nao hawajui wanachouza. Dashibodi ya kununua lazima igeuzwe. Chini ya sehemu ya eabegi unataka kuona plastiki ya kiwandani isiyoguswa, mistari iliyonyooka, bawaba isiyopinda, na hakuna gundi iliyopakwa kwa mkono.

Nyingine ilikuwa nzima lakini ya gari lenye kiyoyozi cha vitufe vya kuzungusha, na la mwalimu lina cha kidijitali; matundu ya katikati hayalingani. Tuliyoichukua ilitoka kwenye nusu gari lililokatwa Japani, toleo lile lile, usukani kulia, ngozi ya juu bado inabonyea kwa kidole. Rangi yake ilikuwa kijivu, na ndani ya gari la mwalimu ni nyeusi. Tulimweleza kabla ya kulipa. Akasema rangi atazoea.

Muuzaji alikuwa mkarimu. “Chukua na eabegi yake, dada, bei hiyo hiyo.”

Mwalimu alinitazama, na mimi nikakataa. Hapo panahitaji maelezo kidogo. Kampuni ya Kijapani ya Takata ilitengeneza viripuzi vya eabegi, yaani vile vinavyoujaza mfuko, vilivyotumia amoniamu naitreti, na vingi havikuwekewa kitu cha kunyonya unyevu. Vikikaa miaka mingi kwenye joto na unyevunyevu, ile dawa inaharibika, na siku ya ajali inalipuka kwa nguvu kupita kiasi na kupasua kopo lake la chuma. Watu wamekufa kwa vipande vya chuma katika ajali ambazo zingewaacha na mchubuko. Takribani viripuzi milioni 100 viliitwa virudishwe duniani, na kampuni hiyo ikafilisika Juni 2017. Joto na unyevu ndiyo hali ya hewa ya Dar es Salaam. Eabegi ya skrepa haina historia: hujui ilitoka kwenye gari gani, ilikaa wapi, wala kama ilibadilishwa ilipoitwa. Ile iliyo kwenye gari lako unaweza kuifuatilia.

Tukaifuatilia. Magari yaliyouzwa ndani ya Japani yanatambulishwa kwa namba ya chesi, na watengenezaji wana kurasa za Kijapani ambako unaingiza namba hiyo, ukaona kama gari liliitwa na kama kazi ilifanyika. Simu inatafsiri ukurasa kiasi cha kuelewa. La mwalimu liliwahi kuitwa kwa eabegi ya abiria, na kazi ilishafanywa kabla halijasafirishwa. Kwa hiyo tulinunua dashibodi tupu na kubakiza eabegi ya gari.

Ufungaji

Sehemu hii naipitia haraka, ila mambo machache yana uzito. Tairi za mbele ziliwekwa zimenyooka kabla ya kugusa usukani, kwa sababu ndani yake kuna utepe wa waya uliojiviringa, na ukiufungisha ukiwa haupo katikati utakatika siku utakayopiga kona kali. Nguzo hasi ya betri ilitolewa, kisha tukasubiri. Kitabu cha ufundi cha gari hili kinataka angalau sekunde 90 ili umeme uliohifadhiwa kwenye kompyuta ya eabegi uishe. Sisi tulikwenda kunywa chai. Eabegi ikitolewa inawekwa mezani upande wa mfuko ukitazama juu, kamwe isilazwe kifudifudi. Na hakuna mtu anayeipima eabegi kwa mita ya umeme, hata kwa udadisi, kwani mkondo mdogo wa kipimo unaweza kuilipua.

Eabegi ya abiria ilirudishwa kwenye chuma cha kukatiza kilicho nyuma ya dashibodi, bolti zikakazwa kwa kipimo cha kitabu. Soketi ya njano ilisukumwa mpaka lachi ikalia. Betri ikarudi, kosa likafutwa kwa mashine, swichi ikafunguliwa: taa ikawaka, ikazima.

Matokeo

Taa za ndani zilizokuwa zikipepesa, zilizomleta mwalimu kwetu, zilikuwa na waya wa ethi uliobaki bila kufungwa tangu dashibodi ilipovuliwa mara ya kwanza. Tulilimaliza hilo katika kazi ile ile.

Gharama ya dashibodi na ufundi ilizidi mara mbili alicholipa kwa ngozi, na kile cha ngozi hakikurudi. Klipu mbili zilivunjika wakati wa kuvua ile ya zamani, tukazifidia kwa za gari jingine, na bado kuna mlio mdogo upande wa kushoto gari likipita kwenye matuta. Kijivu na nyeusi havijapatana. Herufi SRS zinaonekana.

Tangu wakati huo gari limerudi kwa huduma za kawaida, na kila mara tunaitazama dashibodi. Imetokea mstari mwembamba kama unywele kando ya tundu la hewa la kioo, mbali na eabegi.

Uchambuzi

Kosa la msingi halikuwa la mshono. Fundi wa siti aliombwa afiche ufa, akauficha. Hakuna aliyeuliza ufa umekaa juu ya nini. Kwangu hilo ndilo swali la kwanza, kabla ya bei na kabla ya rangi. Dashibodi hiyo hiyo ilikuwa na nyufa mbili zenye sababu moja, na bado mmoja ulistahili fila laini na mwingine ulistahili dashibodi nyingine. Ningependa mafundi wa siti wawe na desturi ya kukataa sehemu ya eabegi: wavalishe mpaka mpakani, waache pale wazi. Wenzao wa viwandani huvalisha ngozi juu ya eabegi, kweli, lakini chini ya ile ngozi kuna chanjo na mshono wa uzi dhaifu uliojaribiwa kwa kulipua mifuko. Uzi mwekundu wa dukani haujajaribiwa na mtu. Hali ni ile ile kwa kava za siti zinazofunika eabegi za pembeni, na hizo tunaziona kila wiki.

Utepe kwenye mita unanisumbua kuliko fila. Fila ilikuwa kutojua. Utepe ulibandikwa na mtu aliyejua kuna tatizo. Na uligunduliwa kwa bahati, kwa sababu ya taa za ndani. Anayenunua gari lililotumika anaweza kuikwepa hali hii bila fundi: afungue swichi, atazame taa ya eabegi inawaka na kuzima, kisha atafute herufi SRS juu ya dashibodi upande wa abiria. Zikikosekana, na gari linajulikana kuwa na eabegi, aulize.

Kilichofanya kazi vizuri ni kutenganisha manunuzi mawili. Dashibodi ya skrepa ni plastiki, unaweza kuikagua kwa macho na vidole. Eabegi ya skrepa huwezi kuikagua. Kuvichukua pamoja kwa sababu bei ni ile ile kungeweza kuingiza hatari ndani ya gari ambalo lilikuwa tayari limeshasafishwa.

Kilichobaki bila kutatuliwa ni jua. Dashibodi iliyonunuliwa ina umri karibu sawa na gari, viungo vyake vya kulainisha vimepungua pia, na uwanja wa shule bado hauna kivuli. Mwalimu sasa anaweka kinga ya kukunja kwenye kioo cha mbele na anageuza gari lielekee upande ambao jua la mchana linapiga kioo cha nyuma. Alitaka pia zulia la kutandika juu ya dashibodi. Tulimruhusu lile lililokatwa likaacha wazi sehemu yote ya eabegi, kuanzia kwenye herufi hadi ukingoni. Ule mstari mwembamba wa kando ya kioo tumekubaliana hauguswi. Ukipanuka utajazwa fila laini, na kazi hiyo inaweza kufanywa bila kuvua dashibodi wala kugusa soketi ya njano.